Tuulize Kabla ya Kununua: Habari ya Lori la Shule

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Barua ya Kamati iliniomba nizungumze juu ya kazi ya utumishi wa serikali, na mambo ambayo kijana anayetoka shule hii anaweza kuyatarajia huko. Nimeomba ruhusa kwa Mwenyekiti, naye kwa hisani yake amenikubalia, nizungumze badala yake juu ya lori la shule lililoegeshwa nyuma ya jiko. Sababu yake ni kwamba ajenda ya nne ya mkutano wetu inatutaka tuchange zaidi ya shilingi milioni mbili ili pampu ya lori hilo ing'olewe, ipelekwe mjini, ikatengenezwe upya. Sipingi kuchanga. Lakini mtu akichanga yafaa ajue anachangia kitu gani; na katika kulieleza jambo hili natumaini nitakuwa nimelijibu pia lile swali la Kamati juu ya kazi.

Sote tunajua lori hili ni kitu gani kwa shule. Ndilo linaloleta mahindi na maharage, ndilo linalochota maji kisima kinapokauka, na ndilo lililowahi kuwafikisha hospitali ya wilaya wanafunzi waliozidiwa usiku. Tangu mwanzo wa mwaka huu haliwaki asubuhi mpaka livutwe kwa trekta. Siku trekta lisipopatikana, shule hukodi gari, na fedha ya kukodi hutoka katika fungu la chakula. Kwa hiyo, ndugu zangu, kila asubuhi lori likikataa, sahani ya mwanafunzi ndiyo inayopunguzwa. Hilo ndilo lililonifanya nije siku mbili kabla ya mkutano, nikiwa na mita ya umeme na ovaroli katika mkoba.

Naomba nieleweke kwamba mimi si fundi wa cheti. Shahada niliyoipata Chuo Kikuu ni ya uchumi, na kazi yangu ni utawala. Ila kwa miaka 14 maombi ya matengenezo ya magari yamekuwa yakipita mezani kwangu kutafuta sahihi, na madereva wazee ndio walionifundisha kuyasoma. Nimeona viwanja vyenye malori yaliyoota nyasi mpaka milangoni. Baadhi yao yalikufa kweli. Mengine yalihukumiwa kabla ya kusikilizwa, yakapigwa mnada kwa bei ya vyuma chakavu, na aliyeyanunua akaondoka nayo yakinguruma.

INJINI YA DIZELI INATAKA NINI

Wadogo zangu mnaosoma fizikia, hapa ni pahali penu. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya umeme. Injini ya dizeli haina cheche. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye mashine yake ilithibitishwa huko Augsburg mwaka 1897, alikusudia kuitumia hewa yenyewe iwe kiberiti. Ukiijaza baiskeli upepo, utaona mdomo wa pampu unapata moto. Hewa ikibanwa hupata joto. Katika silinda ya lori letu hewa hubanwa mpaka ujazo wake ubaki kama sehemu moja ya kumi na saba, na joto lake likapita digrii 500. Hapo nozeli hupuliza dizeli kama umande mwembamba, nayo hushika moto yenyewe.

Basi ili injini hiyo iwake inahitaji mambo matatu tu: hewa safi iingie, hewa hiyo ibanwe kwa kasi ya kutosha ili ipate joto, na dizeli isiyo na maji wala upepo ifike kwa wakati wake. Kati ya hayo matatu lazima liwepo lililokosekana. Kazi ya mtafutaji ni kujua lipi, kabla hajagusa spana. Mtu anayeanza kwa kununua kifaa anabahatisha, na kubahatisha kwa fedha ya wengine hakufai.

MASWALI KWA DEREVA

Kabla ya kufungua chochote, nilikaa na mzee wetu dereva, tukanywa chai, nikamwuliza. Nasikitika kusema kwamba kwa miezi yote hiyo hakuna aliyekuwa amemwuliza, na hali yeye ndiye anayelala na kuamka na lori hili. Alinipa majibu manne. La kwanza, lori halikuacha kuwaka ghafla. Lilianza kusumbua kidogo kidogo. La pili, ubaya ni wa asubuhi. Likishawaka, hata likizimwa sokoni nusu saa, huwaka tena. La tatu, likivutwa na trekta huwaka, ila huvutwa mwendo mrefu. La nne, likishawaka lina nguvu zake zote, na hupanda mlima wa misheni na tani saba za mahindi bila manung'uniko.

Tuyapime majibu hayo. Pampu iliyochakaa kiasi cha kutoweza kuwasha injini, je, itaweza kuupandisha mlima mzigo wa tani saba? Tena pampu iliyolika ndani kwa kawaida husumbua zaidi injini ikiwa ya moto, kwa kuwa dizeli ya moto ni nyepesi na hupenya kirahisi palipolika. Letu husumbua likiwa baridi. Kwa hiyo kabla hata ya kufungua nati moja, tayari pampu ilikuwa na mashahidi wawili wa kuitetea. Kuuliza si ujinga, wala hakuna gharama yake ila chai.

JE, INAZUNGUKA?

Swali la kwanza la mashine ni hili: ukipiga selfu, injini inazunguka, haizunguki, au inazunguka kwa uvivu? Wengi hudharau neno hili "uvivu". Injini ya petroli yaweza kusamehe. Ya dizeli haisamehi. Ikizunguka polepole, hewa inayobanwa huvuja pembeni ya ringi na joto lake humezwa na chuma cha baridi, na dizeli inapofika haikuti moto.

Alhamisi asubuhi, nikiwa na vijana sita wa kidato cha tatu, tulipima. Tuliweka gia huru, tukazuia magurudumu kwa magogo, tukahakikisha hakuna mtu chini ya gari. Lori hili lina umeme wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Betri nzima iliyojaa na kupumzika huonyesha kama volti 12.6, zetu mbili kwa pamoja zilionyesha 25.1. Hazina ubaya. Dereva alipiga selfu, nayo injini ikazunguka kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kumbukeni, selfu isipigwe zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja, kisha ipumzishwe dakika moja au mbili, la sivyo itaungua, na hapo mtakuwa na magonjwa mawili.

Betri ni nzima, selfu inalia kwa uvivu. Umeme unapotelea wapi? Tuliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, na ya pili kwenye chuma cha injini yenyewe, dereva akapiga selfu tena. Kama njia ya umeme ni safi, hapo pasionekane hata nusu volti. Sisi tuliona volti 3. Maana yake, volti 3 zilikuwa zikipotea njiani kabla ya kufanya kazi. Vijana wakaufuata ule waya mnene unaoiunganisha injini na chasisi, wakaukuta umefungwa juu ya kutu na rangi. Waliufungua, wakasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, wakaufunga na kuupaka grisi kwa nje. Kipimo kikashuka hadi volti 0.3, na selfu ikabadilika sauti. Gharama: kipande cha msasa.

Aidha, ikiwa injini haizunguki kabisa, usilazimishe. Washa taa kubwa, kisha piga selfu. Taa zikizimika, shitaki betri au viungo vya waya. Taa zikibaki na mwanga wake na ukasikia "tak" moja tu, shitaki selfu na swichi yake. Na kama betri na selfu ni nzima lakini injini imegoma hata kuzungushwa kwa mkono, simama hapo umwite fundi. Huenda maji yameingia katika silinda, na maji hayabaniki. Ukilazimisha utavunja chuma.

TAZAMENI MOSHI

Sasa injini ilizunguka vizuri, lakini haikuwaka. Hapa ndipo penye njia panda, na kibao cha kuonyesha njia kipo kwenye ekzosi. Mwekeni kijana mmoja nyuma aangalie moshi wakati selfu inapigwa.

Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi maana yake mafuta yanafika ndani lakini hayashiki moto. Basi usiishughulikie njia ya mafuta kwanza, tafuta joto. Je, injini inazunguka kwa kasi? Hita za kuwashia, kama zipo, zinafanya kazi? Valvu zinafunga? Ringi zimelika? Dizeli ina maji? Majira ya pampu yamehama?

Moshi mweusi mzito maana yake hewa haitoshi. Fungua chombo cha kuchujia hewa. Nimewahi kukuta kiota cha panya.

Moshi usipotoka hata kidogo, maana yake mafuta hayafiki. Hapo hita, ringi na valvu mziache zipumzike.

Kijana wetu alikaa nyuma, akarudi akasema: "Hakuna kitu, mzee." Kwa neno hilo moja nusu ya injini iliondolewa mashtaka.

KULIFUATA FUNDO LA UPEPO

Mafuta yasipofika, fuata njia yake kwa utaratibu. Je, tangi lina mafuta? Msicheke, geji hudanganya. Je, waya wa kuzimia umerudi mahali pake, au mkono wake pale kwenye pampu umebaki katika hali ya kuzima? Jambo hili dogo limewang'olesha watu pampu nzima. Je, tundu la kupumulia kwenye kifuniko cha tangi limeziba? Kisha toa mafuta kidogo chini ya filta, uyaweke katika chupa nyeupe yatulie. Maji yakiwepo yatakaa chini. Yetu yalikuwa masafi.

Ndipo tukaifikia pampu ndogo ya mkono, ile ya kujazia. Tulilegeza nati ya kutolea upepo juu ya filta, kijana akapampu. Mara 40 hivi hakuona ila povu. Baadaye dizeli ikatoka nzima bila povu, tukakaza nati, dereva akapiga selfu, na lori likawaka lenyewe, bila trekta, kwa mara ya kwanza asubuhi tangu Januari. Vijana wakashangilia, na mpishi akatoka jikoni na mwiko wake.

Lakini hatujamaliza. Kuwaka si kupona. Upepo ule uliingilia wapi? Kati ya tangi na pampu ndogo inayoyaleta mafuta, dizeli hufyonzwa, haisukumwi. Penye ufa katika sehemu hiyo mafuta hayavuji nje. Upepo ndio unaoingia ndani. Kwa hiyo mtu akikagua bomba akaliona kavu, husema ni zima. Usiku, gari likiwa limelala, upepo huingia polepole na dizeli hurudi tangini. Asubuhi bomba ni tupu. Trekta likilivuta gari mwendo mrefu, injini inazunguka kwa muda mrefu mpaka upepo wote utoke, na gari huwaka. Mchana halikai muda wa kutosha kurudisha mafuta yote, ndiyo maana sokoni huwaka. Majibu yote manne ya mzee dereva yalikuwa yamekwisha kutuambia hivyo.

Kuthibitisha, Alhamisi jioni tulifunga kibuyu cha plastiki chenye dizeli iliyochujwa nyuma ya kibini, juu kuliko injini, tukaunganisha mpira mpya mweupe moja kwa moja hadi kwenye pampu ndogo, tangi na bomba lake tukaviacha kando. Tukatoa upepo, tukaliwasha, tukalizima, tukalala. Ijumaa alfajiri dereva alipanda peke yake, akapiga selfu, na likawaka papo hapo. Kwa hiyo ubaya haukuwa mbele kwenye pampu, bali nyuma, kati ya tangi na mahali tulipounganisha. Tulikagua inchi kwa inchi. Chini ya kilipu kimoja, mpira wa zamani ulikuwa umepasuka ufa usiozidi ukucha. Mpira mpya na vilipu viwili vimenunuliwa hapa hapa sokoni. Leo asubuhi lori limewaka likitumia tangi lake.

Nawaonya vijana jambo moja. Fundi akilegeza nati za mabomba ya nozeli kuona kama mafuta yanafika, simameni mbali, na asiwepo wa kuikinga nozeli kwa kiganja. Tairi la lori hujazwa upepo wa takriban mara saba ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta. Nozeli hutema dizeli kwa zaidi ya mara 100. Mchirizi wake hupenya ngozi, huacha tundu dogo lisilouma sana, na mkono waweza kukatwa baadaye. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa ile ile. Hali kadhalika, acheni mtindo wa kupuliza etha kwenye njia ya hewa. Hulipuka kabla ya wakati wake na huvunja pistoni, na ikikuta hita ina moto huleta hatari kubwa zaidi.

LINI PAMPU INA HATIA

Nisije nikaeleweka kwamba pampu haifi. Hufa. Ikiwa mafuta safi yasiyo na upepo yanafika mlangoni mwake kwa nguvu, mkono wa kuzimia uko huru, injini inazunguka kwa kasi, na bado mabomba ya nozeli hayatoi kitu, basi pampu ina kesi ya kujibu, na hapo mchango wetu utakuwa halali. Hata hivyo isifunguliwe chini ya mwembe. Vipande vyake vya ndani vimesuguliwa kwa usahihi mkubwa kiasi kwamba chembe ya vumbi ni adui. Hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuipimia. Vivyo hivyo, kama kila kitu ni kizima na moshi mweupe unaendelea, silinda zipimwe mgandamizo moja moja kabla ya kufungua hedi.

Simlaumu fundi aliyeandika makadirio yale ya pampu. Aliambiwa, "Lori haliwaki, andika bei," naye akaandika. Swali alilopewa lilikuwa la bei, halikuwa la ugonjwa. Mwenye mali asipouliza, jibu litakuwa la muuzaji.

MAPENDEKEZO

Ndugu Mwenyekiti, nina mapendekezo matatu. La kwanza, ajenda ya nne iahirishwe, isifutwe. Asubuhi mbili si ushahidi wa kutosha. Mzee dereva aandike katika daftari kila asubuhi kwa siku 30: saa, sekunde za selfu, na rangi ya moshi. Likikataa tena, daftari ndilo litakalotuambia tuanzie wapi.

La pili, naomba fedha zilizokwisha changwa zisirudi mifukoni, maana mifuko yetu tunaijua. Sehemu ilipe deni la magari yaliyokodiwa, ili fungu la chakula lirudishiwe kilicho chake. Sehemu inunue filta, mita ya umeme na seti ya spana zitakazokaa shuleni chini ya mwalimu wa fizikia.

La tatu, wale vijana sita wawafundishe wengine sita kila muhula, wakiongozwa na mzee dereva mwenyewe. Shule inayo maktaba ya vitabu. Huyu naye ni maktaba, na anakaribia kustaafu.

Na sasa nijibu lile swali la Kamati. Vijana mtakaoingia katika utumishi wa umma, mtakuta mezani maombi mengi ya kununua, na kila ombi litakuwa na haraka yake. Kabla hamjatia sahihi, ulizeni: kimepimwa nini, kimepimwa na nani, na anayekitumia kila siku anasemaje? Mara nyingi mtaambiwa mnachelewesha kazi. Vumilieni maneno hayo. Sisi tulichelewa siku mbili, na mahindi ya wiki ijayo yataletwa na lori letu wenyewe.